Timu Imefungwa: Mke Amekosa Nini?



Mama mmoja alitusimulia kisa hiki katika semina ya wanandoa, na waliohudhuria wakacheka sana, hasa akina mama. Ilikuwa Jumapili usiku. Mumewe alirudi kutoka mtaani karibu saa tatu na nusu, akaingia bila salamu, akaketi na viatu vyake miguuni. Mtoto alimletea daftari la shule atie sahihi, akaambiwa, "Hebu niondokee!" Mke akauliza, "Baba, kuna nini?" Akajibiwa, "Hakuna." Ugali ukaandaliwa. Mume akala matonge mawili, akasukuma sahani, akaenda kulala akiwa ameugeukia ukuta.

Mke alibaki macho, akaanza kujipekua. Je, ni zile pesa nilizompa dada yangu? Ni mama mkwe amepiga simu? Au ni lile neno nililolisema mbele ya wageni? Alipitia makosa yake yote ya mwezi mzima na akapata manne, na kila moja lilimtosha kukosa usingizi. Asubuhi, ndani ya matatu akienda kazini, akasikia vijana wawili waliokaa mbele yake wakiililia Arsenal, iliyokuwa imefungwa bao katika dakika za majeruhi. Hapo ndipo alipoelewa.

"Angeniambia amefiwa, ningemfariji," mama huyo alisema. "Lakini aliniacha nikisie usiku kucha."

Kicheko kilipungua baada ya neno hilo. Nami ndilo ninalotaka tulitazame leo, kwa sababu nyumba nyingi zinalijua jambo hili na wachache sana hukaa chini kulizungumza. Wengi hulifanya mzaha. Wengine hulifanya ugomvi.

Maumivu ni ya kweli

Mtu asiye shabiki ana swali lake moja: "Hao wachezaji wanakujua?" Hapana, hawamjui, na shabiki mwenyewe analifahamu hilo. Lakini mwili wake haungoji kujulikana na mchezaji ndipo uumie.

Tarehe 17 Julai 1994, Brazil na Italia zilikutana katika fainali ya Kombe la Dunia huko Marekani. Ilikuwa fainali ya kwanza ya kombe hilo kuamuliwa kwa penalti, na Brazil ikashinda. Watafiti walichukua mate ya mashabiki wa pande zote mbili kabla na baada ya mechi, wakapima homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Kwa mashabiki wa Brazil ilikuwa imepanda. Kwa wale wa Italia ilikuwa imeshuka. Hawa walikuwa watu waliokaa vitini wakitazama televisheni, hawakuugusa mpira hata mara moja, na bado miili yao ilishinda na kushindwa pamoja na timu.

Miaka 12 baadaye, Kombe la Dunia lilipochezwa Ujerumani mwaka 2006, madaktari wa Munich na maeneo ya karibu walihesabu wagonjwa wa moyo waliohitaji huduma ya dharura. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, wagonjwa hao walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Kwa wanaume walizidi mara tatu. Kilele kilikuwa katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza, na walioathirika zaidi ni wale waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo mama, kama mumeo ana shinikizo la damu, usicheke unapomwona amesimama mbele ya televisheni akitetemeka wakati wa penalti. Na wewe baba unayetumia dawa za presha, usizisahau siku ya fainali kwa sababu ya haraka ya kuwahi kiti.

Kinachomchosha shabiki kuliko yote, nadhani, ni kwamba anajali sana na hana uwezo wowote. Mkulima mahindi yakikauka anaweza kupanda mtama msimu ujao. Mfanyabiashara akipata hasara hubadilisha bidhaa. Shabiki hawezi kumbadilisha kocha, hawezi kupiga ile penalti, hawezi hata kuhama timu, maana wenzake watamcheka mpaka uzeeni. Anachoweza ni kungoja. Mashabiki wa Gor Mahia waliochukua ubingwa wa ligi mwaka 1995 walingoja miaka 18 kuuona tena, hadi 2013. Kulikuwa na wazee waliokuwa wakisimulia jinsi walivyokuwa Kasarani mwaka 1987, siku Gor ilipotoka sare 1-1 na Espérance ya Tunis na kulitwaa Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini, huku vijana wao wakikua bila kuona chochote cha kusimulia. Wa AFC Leopards nao walibeba ligi mwaka 1998, na miaka 20 baadaye walikuwa bado wanangoja nyingine. Arsenal, ambayo ina wapenzi katika kila mtaa wa nchi hii, ilimaliza ligi ya 2004 bila kufungwa hata mechi moja. Kisha katika msimu ulioisha 2023 ikakaa kileleni siku 248 na kulikosa kombe, ikawa ya pili tena 2024, na ya pili tena 2025. Mtu aliyengoja hivyo amezoea uchungu, lakini kuzoea si kupona.

Na wakati mwingine uchungu huu huingia nyumba zote kwa siku moja. Tarehe 22 Agosti 2025 Harambee Stars walicheza robo fainali ya CHAN uwanjani Kasarani. Walikuwa wameifunga Moroko, ambao baadaye ndio waliolitwaa kombe hilo, na watu ambao hawajawahi kununua jezi waliinunua wiki ile. Tulitoka sare 1-1 na Madagaska, tukashindwa kwa penalti 4 kwa 3. Usiku huo mitaa mingi ilinyamaza mapema, wanawake na wanaume pamoja. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Kuna nini?" Wote walijua, na kwa sababu walijua, waliweza kuhurumiana.

"Sisi" ya nani?

Sikilizeni jinsi shabiki anavyozungumza. Mwaka 1976 mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Timu ya chuo iliposhinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo Jumatatu iliyofuata, na walipoulizwa habari za mechi walipenda kusema, "Tumeshinda." Iliposhindwa, walipenda kusema, "Wameshindwa."

Hao ni mashabiki wa kawaida. Shabiki wa damu haachi "sisi" hata siku mbaya. Husema, "Tumefungwa. Tumeuawa. Tumemalizwa." Hilo ni jambo la kusifiwa kwa namna fulani, kwa sababu ni uaminifu. Mtu anayeweza kukaa na timu mbovu miaka 18 bila kuihama ana kipaji ambacho ndoa inakihitaji sana.

Lakini mke anasikia jambo jingine. Anasikia kwamba timu ya London ni "sisi", na huku nyumbani ni "wewe". "Mtoto wako amefukuzwa shule." "Mama yako ameomba pesa." "Jiko lako linatoa moshi." Ameketi karibu na mtu ambaye anajua majeraha ya wachezaji kumi na mmoja, goti la huyu na paja la yule, na hajui kwamba mkewe ana wiki mbili akiumwa na mgongo. Mke huyu hana kijicho na mpira. Anataka kuwa ndani ya "sisi" ya mumewe.

Siku mlipokula kiapo mbele ya padre na mashahidi, mliahidiana raha na taabu. Hakuna aliyesema kwamba taabu za Jumamosi jioni hazimo. Kama uchungu wa timu ni taabu yako, mwenzako ana haki ya kuujua, hata kama haelewi kuotea ni nini. Ukimwambia "Hakuna" wakati kuna kitu, umemfungia mlango. Naye, kwa kuwa ni mwanadamu, atakisia. Na katika ndoa mtu akikisia, kwa kawaida hujikisia vibaya yeye mwenyewe, au humkisia mwenzake vibaya zaidi. "Ana mwanamke mwingine" ni kisio ambalo limewahi kutokea katika nyumba iliyokuwa imefungwa mabao mawili tu.

Saa ya hatari

Hapa hatutacheka. Wataalamu wawili wa uchumi, David Card na Gordon Dahl, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa ripoti za polisi nchini Marekani siku za mechi za kandanda ya kwao. Waligundua kwamba timu ya nyumbani iliyotazamiwa kushinda iliposhindwa, visa vya wanaume kuwapiga wake zao au wapenzi wao viliongezeka kwa asilimia 10, na viliongezeka karibu na saa ile mechi inapomalizika. Timu iliposhindwa na kila mtu akiwa ametarajia hivyo, ongezeko hilo halikuonekana. Kwa maneno mengine, hatari ilikuja pale tumaini lilipovunjika ghafula.

Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walitazama ripoti za polisi wa Lancashire katika Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. England iliposhindwa, ripoti za ukatili wa nyumbani ziliongezeka kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare, ziliongezeka pia, kwa asilimia 26. Ushindi nao una pombe yake.

Ni lazima tuseme wazi: mpira haumpigi mtu. Maelfu ya wanaume hufungwa bao lile lile, dakika ile ile, na hurudi nyumbani wakala wakalala. Anayenyosha mkono ameamua kuunyosha. Mama, kama katika nyumba yako unatazama ratiba ya mechi ili ujue usiku gani utapigwa, basi shida yako si ya mpira na ukurasa huu wa ushauri hauitoshi. Usiambiwe uvumilie ndipo ndoa idumu. Ondoka uende mahali salama pamoja na watoto, mwambie mtu unayemwamini, nenda hospitali na polisi. Nchini Kenya kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na kuna nambari ya simu 1195 ya kupigwa bila malipo.

Tena magazeti yetu yameripoti, zaidi ya mara moja, shabiki aliyejitoa uhai baada ya mechi ya Ulaya. Mtu wa namna hiyo huwa amebeba mengi kabla ya mechi, na kipigo cha timu huwa tone la mwisho. Mwenzako akisema, hata kwa mzaha, kwamba heri afe, usimjibu kwa mzaha. Keti naye, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mtafute daktari.

Na ikiwa ameweka pesa katika kamari ya simu, uliza kwa upole ni kiasi gani. Aliyefungwa na kupoteza pesa ya kodi ya nyumba ana machungu mawili, na la pili analificha chini ya la kwanza. Atamlaumu refa mpaka usiku wa manane kumbe anayemwogopa ni mwenye nyumba. Deni hilo linahitaji mazungumzo ya siku nyingine, mchana, na kalamu na karatasi.

Mlangoni

Sasa turudi kwa yule baba aliyeugeukia ukuta. Angefanya nini?

Angesema sentensi mbili tu mlangoni: "Mama, tumefungwa, nimeumia. Nipe nusu saa." Maneno hayo sita yangeokoa usiku mzima. Mke angejua si yeye. Mtoto angejua si daftari lake. Nusu saa ikiisha, arudi katika familia, ale, atie sahihi. Kama moyo bado unachemka, atembee. Njia ndefu ya kurudi nyumbani kwa miguu inafaa kuliko chupa ya tatu na wenzake wenye hasira kama yake. Na simu aizime, kwa maana mashabiki wa timu pinzani wana kazi moja tu usiku ule, nayo ni kumtumia picha za kumcheka. Matusi yao yatamngoja mpaka asubuhi.

Mke naye ana sehemu yake. Neno "Ni mpira tu" halijawahi kumtuliza shabiki yeyote. Afadhali kunyamaza na kumpa chai. Wala kipenga cha mwisho si saa ya kuleta habari ya karo. Lakini nisieleweke vibaya: mke hana wajibu wa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kila wikendi. Nusu saa ni nusu saa. Huzuni inayodai siku tatu za ukimya kila mwezi imekuwa mpangaji asiyelipa.

Ratiba ndiyo inayogombanisha wengi, na ndiyo rahisi kuipatanisha. Mechi za usiku za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya huanza kwetu saa nne au saa tano usiku, na huisha wakati mke ameshalala na jogoo yu karibu kuwika. Ketini Jumapili alasiri mtazame mechi za wiki. Hii ya Jumanne ni ya lazima? Ile ya Jumamosi saa kumi na moja imeangukia siku ya kumtembelea mama? Mume achague, na achague kweli. Mimi kwa maoni yangu mechi mbili kwa wiki zinamtosha mtu mwenye watoto wadogo. Najua kuna watakaoniandikia barua.

Wanaodhani mtu hupunguza upendo kwa kupunguza kutazama, wamkumbuke Papa Fransisko. Alikuwa shabiki wa San Lorenzo ya Buenos Aires tangu utoto, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908 kwa msaada wa padre, Lorenzo Massa. Mwaka 1990 aliweka nadhiri ya kutotazama televisheni. Akiwa Vatikani, mlinzi mmoja wa Kiswisi alimwekea matokeo ya mechi mezani. San Lorenzo ilipotwaa Copa Libertadores mwaka 2014, kombe la vilabu vya Amerika ya Kusini, wachezaji walimpelekea kombe hilo, naye akalipokea kwa furaha. Alifariki mwaka 2025 akiwa shabiki bado. Siwaambii mfunge televisheni. Nasema tu kwamba mechi iliyokosekana si usaliti.

Tumezungumza kana kwamba shabiki ni mume peke yake, na hilo si sawa. Wako akina mama wa Gor Mahia ambao sauti zao Jumatatu huwa zimekauka, na wako wanaokesha na Manchester United wakati mume amelala fofofo. Yote tuliyosema yanawahusu. Kisha kuna nyumba ya wapinzani, mume huku na mke kule. Hao mara nyingi hupatana kuliko wengine, kwa sababu kila mmoja anajua ladha ya kufungwa. Kinachowaponza ni kejeli. Utani kabla ya mechi ni chumvi. Baada ya mechi, aliyeshinda asubiri aliyeshindwa ale kwanza.

Yule mama wa semina alitueleza walivyofanya baadaye. Mumewe akifungwa, humpigia simu akiwa njiani na kusema neno moja, "Msiba." Mke humwambia mtoto aweke daftari mpaka baba anywe chai. Siku moja, alisema, ni yeye aliyepiga simu. Alikuwa amegombezwa kazini mbele ya watu, akashindwa kueleza, akasema, "Baba, msiba." Alipofika nyumbani, mume alikuwa ameshabandika chai.

Zungumzeni wawili, kabla ya mechi ijayo wala si baada:

Mara ya mwisho timu yangu ilipofungwa, niliingiaje nyumbani, na wewe ulidhani nimekasirikia nini?

Ni jambo gani lako linalokuumiza kama mpira unavyoniumiza, ambalo mimi hulichukulia kuwa dogo?

Watoto wetu wakimwona mzazi aliyeshindwa, wanamwona akifanya nini?

Wiki hii, ni mechi ipi ya lazima, na ni jioni ipi ya kwetu?